Mesuda Atafuta Watu Kumi

Nimesita kwa muda mrefu kuandika habari za Mesuda Waknin, kwa sababu wengi waliomjua wangali hai na hawampendi, na kwa sababu mimi mwenyewe sina hakika kama nilimpenda. Alikuwa muuza samaki katika soko la Tiberia na aliishi ghorofa moja juu ya kwangu. Katika miaka yote ya ujirani wetu sikumbuki siku aliyonisalimu bila kunichoma mahali. "Mwalimu," angeniambia nikirudi kutoka shuleni, "bado unawafundisha watoto wa watu habari za wafalme waliokufa? Walio hai wamekushinda?" Nilikuwa na shahada ya historia kutoka Haifa, na sikupata kumjibu hata mara moja jibu lililonitosheleza.

Alizaliwa Moroko, akaletwa nchini mgongoni mwa mama yake, akakulia katika mahema ya wahamiaji kule juu mlimani kabla serikali haijatujengea haya majumba yetu yanayopasuka kila kiangazi. Hakuolewa. Wengine walisema hakupata mume. Yeye alisema alipata kadhaa na akawarudisha kwa mama zao wakiwa wazima. Sauti yake ilisikika kutoka meza ya samaki mpaka kituo cha mabasi. Mke wa diwani mmoja alipowahi kulalamika kwamba sato wake hawaonekani wabichi, Mesuda alimwinua mmoja kwa mkia na kumwambia: "Mtazame macho, mama, halafu nenda nyumbani ukayatazame ya mumeo. Uniambie nani kafa zamani."

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Haim, dereva wa basi, mtu mpole aliyevuta sigara kama bomba la meli. Mama yao alipoanza kusahau majina na kutoka nje na nguo za kulalia, Haim alimpeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee katika mji mwingine bila kumwambia dada yake. Labda aliogopa kelele. Bibi yule hakuumaliza msimu wa mvua, akafa kitandani pa ugenini, na tangu siku hiyo Mesuda hakutamka jina la ndugu yake isipokuwa pamoja na tusi. Sinagogi pia aliacha kwenda. Alisema kwamba yeye na Yule wa juu hawasalimiani.

Sisi tuna desturi. Kabla ya Siku ya Upatanisho kila mtu humwendea aliyemkosea na kumwomba msamaha, maana mbingu haziwezi kumsamehe mtu kosa alilomtendea mwenzake. Mwenzake akikataa, anarudi na mashahidi watatu. Akikataa tena, anarudi tena. Akikataliwa mara ya tatu, mwombaji amemaliza wajibu wake, na kosa linamhamia aliyekataa. Haim alizipanda ngazi zetu mara zote tatu. Mara ya mwisho jengo zima lilikuwa limesimama milangoni likijifanya linafagia. Mesuda alimwangalia kutoka juu na kusema, kwa utulivu ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Mwaka ujao, siku kama ya leo, nikikukuta bado unapumua, nitajua kazi imemshinda Mungu."

Haim alikufa mwezi wa Eluli, mwezi tunaopuliza baragumu kila asubuhi ili waliolala waamke na kujitayarisha kwa hukumu. Moyo wake ulisimama akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, kwenye benchi la madereva. Mwaka ulikuwa haujatimia.

Mesuda alikwenda msibani. Jaklin, mjane wa Haim, alimpokea mlangoni, akaegemea mwimo kwa mikono yote miwili.

"Umekuja kuangalia kama dawa imefanya kazi?"

"Wifi, ni ndugu yangu. Niache niingie nikae."

"Usiniite wifi. Aliyenifanya wifi yako umemzika. Nenda kakae kwako, utukane kuta."

Basi alikaa matanga peke yake, juu ya kigoda, kwa vioo vilivyofunikwa na mlango ulioachwa wazi kama inavyotakiwa, na hakuna aliyeingia. Mke wangu alimpelekea mayai ya kuchemsha siku ya kwanza, kwa sababu mfiwa haruhusiwi kuanza na chakula chake mwenyewe. Alishuka akisema kwamba hajawahi kuona mtu anatafuna kwa hasira namna ile. Alipomaliza siku zake na kurudi sokoni, wanawake walipita mbele ya meza yake wakimnyooshea vidole vitano ili jicho lake lisiwapate. Kila nyumba ya kwetu inahitaji kichwa cha samaki kwenye meza ya Mwaka Mpya, tuombe tuwe kichwa na tusiwe mkia. Mwaka ule watu walivifuata vichwa hivyo mpaka Afula, kwenye jua, kwa basi. Vichwa vya Mesuda viliyeyukiwa na barafu na kuishia kwa paka.

Siku chache kabla ya sikukuu hiyo ya Mwaka Mpya alibisha mlango wangu. Kwa kawaida alikuwa akiita tu kutoka ngazini.

"Mwalimu, upo? Au na wewe umekufa, wanisingizie?"

"Nipo, Mesuda. Karibu ndani."

"Sikaribii. Nakuhitaji asubuhi ya mkesha, makaburini. Rabi Makhluf kaniambia: aliyemkosea mtu, na mtu mwenyewe kishakufa, awasimamishe wanaume kumi kaburini, alitaje kosa mbele yao. Tisa hawatoshi."

Nilimwambia ukweli, au niliodhani ni ukweli: kwamba siendi kusali ila siku za Mwaka Mpya, kwamba sijui kama ninaamini, na kwamba huenda nikamharibia hesabu.

"Mungu anahesabu vichwa," alisema. "Vilivyomo ndani anavijua, ndiyo maana hafungui."

Nilijaribu kumfariji. Nilimweleza kwamba maneno hayaui. Kwamba ndugu yake aliuawa na sigara na usukani na mafuta ya kukaangia. Kwamba laana ni hewa tu inayotoka kooni. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

"Kwa hiyo niliyomwambia pale ngazini ni upepo?"

"Ndiyo, Mesuda. Upepo."

"Na nikisimama kaburini nikasema nisamehe, hayo nayo ni nini?"

Nilitazama ngazi.

"Hayo nayo upepo. Umenifariji, kisha umeninyang'anya. Hapana, Mwalimu. Nikitaka haya yawe na uzito, lazima nikubali kwamba na yale yalikuwa nao. Siwezi kuweka mizani mbili mezani, moja ya kununulia na moja ya kuuzia." Akajipangusa shingo kwa kiganja. "Nimeanza kumsalimu tena Yule wa juu. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Asipokuwepo Yeye, hakuna wa kunisikiliza isipokuwa wewe, na wewe, samahani, hunitoshi."

Sikukubaliana naye, na hata leo sijui kama ninakubaliana naye. Nilijua tu kwamba mimi, niliyesoma vitabu vingi vinavyoeleza kwa nini watu huamini, sikuwa nimewahi kumwona mtu akiamini kwa gharama yake mwenyewe, akijua kwamba imani hiyohiyo ndiyo inayomtia hatiani. Nilimwambia nitakuja.

Asubuhi iliyofuata alikwenda sinagogi wakati wanaume wametoka kwenye sala za toba na wamekaa uani wakinywa chai ya nanaa. Nilikuwepo kwa sababu aliniambia niwepo. Alisimama langoni na kusema shida yake bila utangulizi, kama mtu anayetangaza bei.

Biton, msimamizi wa sinagogi, alikuwa wa kwanza kucheka. "Kumi! Umri wote huu hata mmoja hukumpata, leo unataka kumi kwa mpigo?"

"Nilikutazama wewe, Biton, nikaona upweke una heshima yake."

"Mnasikia? Ndivyo anavyoomba!"

"Aende sinagogi la Wapolandi," mtu alisema kutoka kwenye benchi. "Hawajawahi kumsikia, watamwonea huruma."

Rabi Makhluf, aliyekuwa mzee mkavu asiyependa mzaha kabla ya chai kuisha, aliweka glasi yake chini. Alisema kwamba sheria ni sheria, mwombaji ana haki ya kuomba na hakuna anayelazimishwa kwenda. Yeye mwenyewe atakwenda. Kisha akanitazama, nami nikainua mkono kama mwanafunzi. Tulikuwa wawili.

Kinyozi akainuka. "Mimi nitakuja. Lakini kabla hajamwomba maiti, aniombe mimi niliye hai. Hapa hapa."

Wazo lile liliwapendeza wote papo hapo. Niliona nyuso zinavyochangamka. Hapakuwa na mtu ambaye ulimi wa Mesuda haukuwahi kumpitia, na sasa ulikuwa umefungwa na haja yake mwenyewe. Nisingependa kusema kwamba walikuwa wakatili. Walikuwa watu waliosubiri kwa muda mrefu.

Mesuda alimsogelea kinyozi. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu.

"Nilisema ukimnyoa mtu, hata mkewe hamfungulii mlango. Nisamehe."

"Ulisema na mengine."

"Yapi?"

"Ya mama yangu."

"Na hayo. Hayo zaidi."

Kinyozi alikuwa amejiandaa kufurahi na hakufurahi. Alikaa chini, akasema: "Mimi sijakusamehe. Lakini nitakuja." Muuza viungo alitaka kuombwa kwa sababu ya binti yake, fundi bomba kwa sababu ya mguu wake mfupi, wazee wawili wa kwenye benchi kwa sababu ya wake zao, na ndugu wawili wa duka la mikate kwa jambo ambalo Mesuda hakulikumbuka kabisa, akaliomba msamaha hivyo hivyo. Aliomba vibaya. Aliomba kama anayeng'oa mwiba kwa meno. Lakini hakumruka hata mmoja, wala hakupunguza kosa lolote alilokumbushwa. Mpaka chai ilipopoa, mzaha ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao.

Biton akabaki wa mwisho, naye ndiye wa kumi.

"Ulisema naimba kama mlango wa choo."

"Unaimba hivyo."

"Mesuda!" rabi alifoka.

"Nisamehe, Biton, kwa kulisema. Mbele ya mkeo. Siku ya harusi ya mwanao."

"Nitakuja," alisema Biton, akiangalia pembeni.

Asubuhi ya mkesha tulipanda makaburini. Watu wengi walikuwa huko, kwani ndiyo siku tunayowatembelea wafu kabla ya kuingia mbele ya Hakimu; walitupisha njia, na mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Jua lilikuwa tayari limeyapasha mawe moto. Kaburi la Haim lilikuwa bado tuta la udongo lenye kibao cha bati. Tulisimama tukahesabiana kwa macho, maana kwetu si vizuri kuwahesabu watu kwa namba, na kila jicho lilifika mwisho mapema mno. Biton hakuwepo. Mmoja wa wale wa mikate alisema amemwona sinagogi, anatundika pazia jeupe la sikukuu, na amesema kazi hiyo haiwezi kungoja.

"Pazia," alisema Mesuda.

"Tutafute mtu mwingine," nilisema, na nikaenda kuwauliza waliokuwa kwenye makaburi ya jirani. Mmoja aliniambia ana haraka. Wa pili alijifanya anasali. Wa tatu aliniambia wazi: "Kwa yule? Mwalimu, nina watoto." Nilirudi nikiwa nimeloa jasho. Rabi Makhluf alikuwa anatazama saa yake. Sikukuu ingeingia na jua kuzama, na siku za kilio zilizobaki kwa Haim zingefutwa nayo, kwa kuwa furaha ya wote huikata huzuni ya mmoja, ndivyo tulivyoagizwa. Baada ya hapo Mesuda angeingia mwaka wa hukumu na maneno yake yale mgongoni.

Hapo ndipo Jaklin alipotokea kati ya makaburi, amebeba ndoo ya maji na mishumaa, na nyuma yake kaka yake Armand, mtu mnene aliyevaa kofia ya nyasi ambayo haikuwa saizi yake. Alituona. Akaiweka ndoo chini taratibu.

"Nani kawaalika?"

"Mimi," alisema Mesuda.

"Hata siku thelathini za kilio chake hazijatimia. Leo usiku wananifutia kilio, kesho natakiwa nile komamanga la Mwaka Mpya nimshukuru Mungu, na wewe umeniletea kundi la wanaume juu ya mume wangu?"

"Nimekuja kumwomba msamaha."

"Alipokuwa anapanda ngazi zako na magoti yake mabovu, ulikuwa wapi? Mara tatu! Alirudi nyumbani akakaa jikoni hajavua hata viatu. Unataka nikwambie alikaa mpaka saa ngapi?"

"Niambie."

Jaklin hakutegemea jibu hilo. Rabi alieleza kwa upole kwamba hakuna litakalofanyika, kwa sababu tumepungua mmoja, na kwamba tutaondoka. Mesuda hakuondoka. Alisema atakaa pale mpaka mtu apatikane, na asipopatikana atarudi baada ya sikukuu, na baada ya hapo, kila wiki, mpaka wapatikane kumi au yeye mwenyewe aletwe pale amelala.

"Kila wiki?" alisema Jaklin. "Nije hapa kila wiki nikukute wewe?"

"Kila wiki."

Jaklin aligeuka. "Armand! Simama pale nao."

"Mimi?"

"Wewe ndiyo. Kuwa wa kumi. Aseme leo, amalize, nisimwone tena hapa. Aombe! Aombe mpaka koo limkauke, na huyo aliyelala humo amnyamazie kama yeye alivyomnyamazia."

Armand alisimama kati yangu na kinyozi, akipumua kwa nguvu. Mesuda alivua viatu, kama desturi ya aombaye kaburini, akakanyaga udongo ule wa moto. Nilitegemea sauti yake ya sokoni. Ilitoka ndogo, ikabidi tusogee.

"Nimemkosea Mungu wa Israeli, na nimemkosea Haim mwana wa Hanina, ndugu yangu. Alikuja kwangu mara tatu akiomba, nikamfukuza. Nikamwombea kifo mbele ya watu. Sikuwa na hasira tu. Nilitaka. Wakati ule nilikuwa nataka kweli." Akaligeukia tuta. "Mama alikuwa amekwisha kunisahau hata mimi, Haim. Ningemweka wapi? Nilijua. Nilijua hata nilipokuwa nakufokea."

Hakulia. Jaklin alikuwa ametupa mgongo, anachokonoa nta ya zamani kwenye kaburi la jirani.

"Sasa," alisema Rabi Makhluf, akitugeukia, "tumjibu kwa niaba yake. Mara tatu. Umesamehewa."

Jaklin aligeuka kwa kasi. "Nini? Mnajibu?"

"Kumi humjibia marehemu, binti yangu. Ndiyo maana wanatakiwa kumi."

"Hakuna aliyeniambia mnajibu!"

"Hukuuliza."

"Umesamehewa," tulisema, na kila mtu alisikia kwamba sauti ya Armand haimo. Rabi hakusonga mbele. Armand alikuwa anamtazama dada yake, jasho likimtiririka kutoka chini ya ile kofia.

"Jaklin, unaniweka juani hapa. Niseme au nisiseme?"

"Mimi sikukuita useme. Nilikuita usimame."

"Nimesimama. Sasa?"

Sijui ni muda gani ulipita. Nakumbuka niliomba kitu, bila kujua ninamwomba nani, na kwamba niliona aibu kidogo kwa kuomba. Mesuda hakumsihi. Alisimama tu na miguu yake mitupu, kichwa chini, bila neno, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona anakosa neno. Na nadhani Jaklin, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kila neno, hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Sema," alisema mwishowe. "Mdomo ni wako. Haim mwenyewe angesema siku ile ile, mpumbavu yule."

"Umesamehewa," tulisema sote. Kisha tena. Kisha tena, na mara ya tatu Armand alisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kama mtu anayetaka kurudi kivulini.

Mesuda alivaa viatu. Aliweka jiwe dogo juu ya tuta, akatushukuru kwa kutikisa kichwa, akamwendea Jaklin, akasimama mbali kidogo.

"Bado wewe."

"Mimi sijasema kitu. Hao wamejibu kwa ajili yake. Kwa ajili yangu hakuna anayejibu."

"Najua. Nitakuja kwako."

"Njoo. Nitakukatalia."

"Nitakuja tena."

"Nitakukatalia tena. Unadhani ni wewe tu unayejua kukataa?" Jaklin aliinama, akachukua kitambaa, akakichovya kwenye ndoo na kuanza kukifuta kile kibao cha bati kwa nguvu, kana kwamba sisi sote ndio tuliokitia vumbi. "Na usije Ijumaa. Ijumaa napika."

"Jumapili, basi."

"Jumapili," alisema Jaklin bila kuinua kichwa. "Lakini kiti sikupi."